Matete ya Kalundu

Jumatatu asubuhi Mutindi alikuta rola moja ya nywele imelowa.

Hakushtuka. Nani hushtuka kwa sababu ya rola? Zilikuwa vipande vya tete tu, kila kimoja urefu wa kidole cha kati, alivyovikata kwa kisu na kuvisugua kwa mchanga hadi visiweze kumkwaruza mtu kichwani. Alikuwa amezianika jua zima la Jumapili, na zilipokaa kikapuni ziligongana kwa mlio mkavu. Zote isipokuwa hiyo moja. Hiyo ilikuwa inachuruzika maji, inanuka tope la mtoni, na chini ya ile harufu ya tope kulikuwa na harufu nyingine, ya udi. Na ilikuwa imezungushiwa unywele mmoja mweusi. Mutindi aliushika ncha akauvuta, ukaja. Akarudi nyuma hatua mbili, ukazidi kuja. Alifika mlangoni kabla haujaisha.

"Utakuwa wa Nadifa," alijiambia, ingawa alijua vizuri kwamba nywele za Nadifa, jirani yake, huishia kiunoni.

Ilikuwa mwaka wa 1935, mjini Kitui, kwenye chumba cha nyuma ya duka la Abukar, Msomali. Mumewe Mutindi, Nzioka, alikuwa fundi wa cherehani kwenye baraza ya duka hilo, mtu mfupi mwenye maneno mengi ambaye aliimba kuliko alivyoshona. Mutindi naye alikuwa na ujuzi ambao hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa nao kutoka pale hadi Ikutha: alijua kuviringisha nywele. Alijifunza Nairobi, alipokuwa yaya kwa bibi mmoja wa Kizungu. Unalowesha nywele, unazipaka ute, unazigawa mistari, unashika ncha na kuviringisha kuelekea kichwani, unafunga kwa kitambaa, unamweka mtu juani. Zikikauka unafungua polepole, na nywele zilizokuwa zimelala zinasimama mawimbi mawimbi. Bibi alichemsha ute wake kutokana na mbegu zilizoletwa na meli. Mutindi alichemsha mlenda unaoota bure kando ya njia, na ulishika vizuri zaidi.

Kitu kingine alichokileta kutoka Nairobi ni chuki ya neno moja. Kiswahili cha yule bibi kilikuwa kimejengwa juu ya hapana. Hapana gusa. Hapana kaa hapo. Hapana pita mlango wa mbele. Miaka minne Mutindi alipigwa na neno hilo kila siku usoni, na alipopanda lori la kurudi kwao aliapa halitatoka kinywani mwake akimjibu mtu.

Na kwao hakulihitaji. Kitui mtu hakwambii hapana. Muulize aliyelala na njaa kama amekula, atasema bado. Muulize mzee wa miaka sabini ambaye hajawahi kuoa, mke yuko wapi? Bado. Ukisema hapana umejifungia mlango kwa mkono wako mwenyewe. Ukisema bado, umeacha nafasi, Mungu akitaka apite.

Ndiyo maana, kwa miaka mitatu ya ndoa, Mutindi alikuwa akijibu bado. Wanawake kisimani: una mtoto? Bado. Akina mama wa misheni: una mtoto? Bado. Mama mkwe wake, Ndululu, hakuuliza. Yeye aliangalia tu tumbo, kisha akaanza kuzungumza na mwanawe, kwa sauti ya kusikika, habari za msichana fulani wa Kikima mwenye nyonga pana. Hilo ndilo lililomkosesha Mutindi usingizi. Alitaka mtoto kama mtu aliyekauka koo anavyotaka maji, na hakuona haya kulisema.

Sasa hayo matete. Mwanzoni rola zake zilikuwa vigogo vya uzi vya Nzioka, vile vya mbao vinavyobaki uzi ukiisha. Vilitosha mpaka Nadifa, mke kijana wa Abukar, alipoona picha ya mwanamke kwenye karatasi ya kufungia sabuni na kuamua lazima na yeye awe vile.

"Lakini wewe utazifunika na shashi," Mutindi alimtania. "Nani ataona?"

"Mwenye kuona yuko," Nadifa alisema, na wote wawili wakacheka hadi Nzioka akachungulia dirishani.

Nywele za Nadifa zilivishinda vigogo. Kwa hiyo Jumamosi Mutindi aliteremka mtoni Kalundu, mahali ambapo maji hutuama chini ya mwamba na matete yanaota manene na yamenyooka. Wanawake waliokuwa wakifua walimwona.

"Mke wa Nzioka, usikate hapo," mmoja alimwambia. "Hapo kuna mwenyewe. Kata huku chini."

Mutindi alikuwa amekaa Nairobi miaka minne, na kuna kiburi fulani ambacho mtu hurudi nacho kutoka huko hata akiwa maskini. Alicheka. Akakata matete, akayafunga mzigo, akawaambia, "Huyo mwenyewe akija, mwambieni mimi nakaa nyuma ya duka ya Abukar. Aulize mtu wa nywele."

Wanawake waliinamia nguo zao tena.

Basi Jumatatu hiyo hiyo ya rola iliyolowa, saa saba mchana, alikuwa peke yake chumbani. Kitui saa saba haina mtu. Maduka yamefungwa, kuku wako chini ya ghala, mbwa wamelala kama waliokufa, na jua liko juu ya utosi hata kivuli chako hukioni. Cherehani ya Nzioka ilikuwa imenyamaza. Harufu ndiyo iliyotangulia, tope na udi.

"Hodi."

"Karibu," Mutindi alijibu, kwa sababu mtu akisema hodi unamwambia karibu.

Alipogeuka, mgeni alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, amempa mgongo, amejifunika nguo nyeusi kichwani hadi chini. Mutindi alidhani ni ndugu wa Abukar kutoka kaskazini. Walikuwa wakija mara nyingi na ng'ombe wao, na wake zao hawakuwa watu wa maneno.

"Nimeelekezwa kwako," mgeni alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea mdomo ukiwa karibu na maji.

"Umefika, dada. Toa nguo nione hiyo nywele."

Nguo ilianguka, na nywele zikaanguka nyuma yake. Zilifika sakafuni. Zilikuwa zimelowa tayari. Mutindi alifurahi kwanza, kwa furaha ya fundi anayeletewa kitambaa kizuri, akachota ute, akashika kichana, akaanza kazi. Aliviringisha mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mikono yake ikazoea uzito ule, na ni baada ya kumaliza upande mzima wa kulia ndipo alipoona kwamba upande wa kulia haujapungua, kwamba kila alipoviringisha rola moja na kuifunga palikuwa na nywele nyingine chini yake zenye baridi zaidi, na kwamba kikapu ambacho kilikuwa na rola thelathini kilikuwa kingali na rola, ingawa alikuwa ameshafunga zaidi ya hizo, na maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye kichwa kile yalikuwa yameshaloanisha kanga yake na kutambaa sakafuni mpaka kizingitini, na nje jua lilikuwa likiwaka kama kawaida na hakukuwa na sauti ya kiumbe chochote.

"Umeolewa?" mgeni aliuliza.

"Nimeolewa."

"Una binti?"

"Bado," Mutindi alisema.

"Mimi sina wa kunishika nywele. Wa kwanza ukimpata ni wangu."

Wanawake husema hivyo kila siku. Huyu ni mchumba wangu, huyu nitamchukua, huyu ni wangu. Mutindi alijilazimisha kucheka kidogo. "Bado, dada. Akikuja."

"Nitangoja."

Alitaka kazi iishe. Alikuwa na kioo cha mkononi, zawadi ya yule bibi, ambacho alikuwa akimshikia mteja mbele ajitazame. Akaegemea juu ya bega la mgeni, akanyoosha mkono, akakishika kioo mbele ya uso wake, na Mutindi mwenyewe akatazama ndani yake. Ndani ya kioo aliona rola zilizofungwa kwa vitambaa vya Nzioka, mstari kwa mstari, na nywele, na kisogo. Akakigeuza kioo kidogo. Kisogo. Mbele kulikuwa kama nyuma.

Kioo kilimponyoka. Alipoinua macho kigoda kilikuwa kitupu, na rola zote zilikuwa kikapuni, zinachuruzika.

"Ni jua," Nzioka alimwambia jioni, akimshika mikono. "Wewe huli mchana. Jua likikupiga na tumbo bure, utaona hata babu yangu."

Angeendelea kuogopa, lakini mwezi uliofuata hakuona siku zake, wala mwezi wa pili. Furaha ile hakuna anayeweza kuieleza. Ndululu aliacha habari za Kikima, akaanza kuleta maziwa na uji wa wimbi, akimwita mwanangu. Mutindi hakutaka kukumbuka kisogo cha mtu yeyote. Kila asubuhi rola moja ilikuwa imelowa, akaikausha kwa kanga na kuirudisha kikapuni bila kuitazama. Unywele uliozungushwa aliutupa motoni. Harufu ya udi ilipoingia mchana alifungua dirisha. Hivyo ndivyo alivyoishi miezi sita, na sitamlaumu. Mwenye kupata alichokililia hapendi kuulizwa kimetoka wapi.

Mwezi wa saba rola zilizolowa zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa ndogo sana, nyembamba kama kidole cha mtoto mchanga, na Mutindi hakuwahi kuikata.

Alikimbia kwa Nadifa akilia. Nadifa akasema hakuna ndugu yao yeyote aliyekuja na nywele kama hizo, akampeleka kwa mama mkwe wake, Ebla, ajuza aliyekuwa akitibu watu kwa aya za Kurani na ubani tangu enzi za kuhama na ngamia. Ebla alisikiliza yote akiwa amefumba macho.

"Alikuomba binti," alisema. "Wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia bado."

"Bado!" Ebla alifumbua macho. "Kwa nini hukumwambia hapana?"

"Mama mzee, nani anasema hapana? Ukiulizwa mtoto ukasema hapana, si umejilaani?"

"Jini hajui adabu yenu, mwanangu. Wewe ulisema bado, yeye akasikia ahadi. Akakaa chini kungoja. Sasa sikia. Atakuja kuuliza tena, na hayo matete yake yakichomwa atakuja haraka. Akikuuliza kama una binti, utamwambia hapana. Si bado. Si labda. Hapana."

Ndululu alipoambiwa aliruka juu. "Ai! Na mtoto iko ndani ya tumbo inasikia? Utamkana na mdomo yako?" Akamshika Mutindi mkono kwa nguvu. "Hiyo neno itamuua. Usiseme. Nakuomba, mwanangu, usiseme."

Hapo ndipo Mutindi alipokuwa siku hiyo. Akisema ndiyo, amemtoa. Akisema bado, ameahirisha tu. Akisema hapana, amemkana mtoto aliyemngoja miaka mitatu, naye yuko pale anacheza mbavuni. Alikaa kitandani usiku kucha ameshika tumbo, akimwambia aliye ndani kwa sauti ya chini, "Kesho usinisikilize. Kesho ziba masikio."

Saa saba mchana waliwasha moto wa mkaa katikati ya chumba. Ebla aliketi pembeni na chetezo cha ubani, anasoma. Ndululu alisimama mlangoni amejifunika uso kwa shuka. Mutindi alitupa tete la kwanza motoni, nalo likalia kama mafuta yanapodondokewa na maji. Alitupa la pili na la tatu, na moshi ulipopanda ulinuka tope, halafu ukanuka udi, halafu jua lililokuwa mlangoni likafifia ingawa hapakuwa na wingu, na maji yakaanza kutokea sakafuni, kidogo kidogo, yakizunguka miguu ya kigoda kilichokuwa kitupu na ambacho sasa hakikuwa kitupu, kwa maana nywele zilikuwa zinashuka kutoka juu yake, zimeviringishwa na kufunguliwa, mawimbi juu ya mawimbi kama alivyozitengeneza mwenyewe, zikitambaa juu ya maji kuelekea kwenye vidole vya miguu yake, na Ebla alizidi kusoma lakini sauti yake ilisikika mbali kama inatoka ng'ambo ya mto.

"Una binti?" kisogo kiliuliza.

Mutindi alifungua kinywa. Kilichokuja kwanza ulimini ni lile neno la siku zote, jepesi, la heshima. Mtoto alimpiga teke. Mutindi akafumba macho, akamtafuta yule bibi wa Nairobi kichwani mwake, na pua yake iliyokunjwa, na kidole chake, akasema kwa sauti ya yule:

"Hapana. Hapana binti. Hapana keti hapa. Hapana kuja tena. Hapana!"

Akapindua kikapu kizima motoni.

Moto uliruka hadi karibu na paa, ukatulia. Jua lilirudi mlangoni. Sakafu ilikuwa kavu, na kigodani hapakuwa na mtu. Ndululu alikuwa analia, amepiga magoti, ameweka sikio lake juu ya tumbo la mkaza mwanawe. Walingoja wote. Kisha Ndululu akacheka kwa kilio. "Anacheza," alisema. "Huyu mtoto anacheza."

Alizaliwa msichana, mzima, mwenye sauti kali ya kulia. Wakamwita Mbinya. Mutindi alirudi kwenye vigogo vya uzi na hakukanyaga tena chini ya ule mwamba. Rola haikulowa tena, si mwaka huo, wala uliofuata, wala wa tatu. Neno lile la hapana hakulitumia tena pia. Lilikuwa limefanya kazi yake, na nyumbani mwake hakutaka lisikike.

Mbinya alinyolewa kichwa kama watoto wote wa Kitui, kipara king'aacho, na kipara hicho kilimwuma roho. Kutwa alikaa miguuni pa mama yake akitazama nywele za watu zikiviringishwa, na kumpokeza vigogo kimoja kimoja.

"Mama, na mimi?"

"Bado, mama."

"Lini?"

"Nywele zako bado. Zikiota nitakufanyia."

Mara ngapi kwa siku? Mara kumi, ishirini. Bado, bado. Mutindi alilisema huku anacheka, huku mdomo umejaa vitambaa, bila hata kumtazama.

Siku moja ya mwaka wa 1939, saa saba mchana, alikuwa jikoni nyuma akichemsha mlenda. Mji ulikuwa kimya. Alimsikia Mbinya chumbani akizungumza na mtu, kwa heshima, kama alivyofundishwa kuzungumza na wageni. Mtoto alisema neno moja, akanyamaza kama anayesikiliza.

Mutindi aliingia mbio na mwiko mkononi. Mbinya alikuwa ameketi kwenye kigoda, peke yake, anajipapasa kipara. Mapajani mwake palikuwa na kipande cha tete, chembamba kama kidole cha mtoto mchanga, na maji yalikuwa yanadondoka kutoka humo hadi miguuni pake.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mama mwenye nywele."

"Amekuuliza nini? Mbinya! Amekuuliza nini?"

"Ameniuliza kama nywele zangu zimeota."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nimemwambia bado."

Mutindi alitoka nje hadi katikati ya barabara nyeupe kwa jua, akapiga kelele kwa koo lake lote, hapana, hapana, hapana, mpaka mbwa wakaamka na Nzioka akatoka barazani na utepe wake shingoni. Alirudi ndani akamkumbatia mtoto, aliyekuwa ameanza kulia kwa hofu, maana neno hilo hakuwahi kulisikia kwao.

"Usikasirike, mama," Mbinya alisema kwa kwikwi. "Amesema si kitu. Amesema atangoja."